Shekhe, Nisomee Maji Lakini Usinitajie Mtu

Marehemu baba yangu alisomea watu maji maisha yake yote pale Majengo, Kahama, na sikumbuki hata siku moja akimwambia mgonjwa ni nani aliyemroga. Walimbana sana. Walikuja wanawake walioharibikiwa mimba mfululizo, wenye maduka waliofilisika, wachimbaji waliokaa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, mwaka mzima bila kuona hata punje. Wote, baada ya kupokea chupa zao, walibaki mkekani wakisubiri. Walichokuwa wakikisubiri ni jina. Baba alikuwa anasimama na kukunja mkeka.

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita kwenye zahanati za vijiji vya dhahabu, upande wa Msalala na upande wa Geita, na ninaandika haya kwa sababu wasomaji wa maji wanaokunja mkeka wanapungua, na wanaotaja wanaongezeka. Kwetu huku, mtu akitajwa, anaweza kufa.

Nianze na maji yenyewe, maana najua wenzangu wa hospitali wakisikia habari za maji ya kusomewa wanatikisa kichwa, na najua wapo ndugu zangu Waislamu wanaodhani nesi akiligusa jambo hili basi amekuja kulipiga vita. Sijaja kulipiga vita. Nimelelewa ndani yake.

Baba alikuwa na sahani nyeupe ya kauri ambayo haikuwahi kutiwa chakula. Zafarani aliiloweka kwenye marashi ya waridi ndani ya kikombe cha kahawa mpaka rangi ikakolea, akachonga kijiti cha bua la mtama, akatia udhu, kisha akaandika aya akianzia katikati ya sahani na kuzunguka taratibu kuelekea ukingoni. Mkono wake haukuwa na haraka. Maandishi yakishakauka alimimina maji kidogo kidogo, akaizungusha sahani mpaka herufi zote zikaachia, akamimina kwenye chupa na kumkabidhi mgonjwa. Hilo ndilo kombe. Zafarani ikiwa ghali, aliacha kuandika, akayasomea maji tu: Alhamdu, Ayatul Kursiyyu, Kulhuwallahu, Falaki na Nasi, akapuliza. Alisema kwa Mwenyezi Mungu uzito ni uleule.

Juu ya sahani masheikh hawajakubaliana. Ndugu zetu wa Answari Sunna wanasema kombe halina ushahidi wa Mtume (s.a.w.), kusoma kunatosha. Wengine wanashika maelezo ya Ibn al-Qayyim, mwanazuoni wa Damascus wa karne ya 14, aliyepokea kwamba Imamu Ahmad bin Hanbal alikuwa akimwandikia mwanamke aliyezidiwa na uchungu wa kujifungua. Ibn al-Qayyim huyohuyo anasimulia jinsi alivyougua akiwa Makka, pasipo tabibu wala dawa, akawa anachota maji ya Zamzam, anayasomea Alhamdu na kuyanywa. Baba aliwaandikia sana wajawazito, na mara nyingi chupa ilipokuwa mkononi mwa mama, mkokoteni wa ng'ombe wa kumpeleka hospitali ulikuwa umeshafungwa nje. Kwake hayo yalikuwa mambo mawili yanayokwenda pamoja, kwa sababu Mtume aliyeruhusu kusomewa ndiye aliyewaamuru watu watafute matibabu, akaeleza kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake.

Ninayoyashuhudia kazini ni haya. Mama aliyejifungua mtoto mfu, ambaye vidonge vyangu havikumpa usingizi, nimemwona akilala baada ya shekhe wa mtaani kwake kukaa mlangoni na kusoma kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Mzee mwenye saratani iliyofika mwisho nimemwona akitulia. Maji yaliyosomewa hayajamdhuru mgonjwa wangu yeyote, ilimradi aendelee kumeza dawa zake na ilimradi maji yenyewe yawe safi. Hapo kwenye usafi nasisitiza kidogo: chupa nyingi zinazoletwa kwangu zimejazwa kwenye visima vilivyo chini ya mialo ya kuoshea dhahabu. Aya haziondoi zebaki kwenye maji. Shekhe, tafadhali, chemsha kwanza kwa ajili ya vijidudu, na maji ya visima vya jirani na mwalo usiyaguse kabisa, kwa kuwa zebaki haitoki kwa kuchemsha.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Kutoka Kahama kwenda Kakola, ukalipita eneo la mgodi wa Bulyanhulu, ukaingia Geita mpaka Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa na mjini kwenyewe, watu wengi utakaowakuta si wenyeji. Mchimbaji katoka Kigoma, Tabora, Mara, Singida. Analala chini ya turubai na wanaume ambao majina yao kamili hayajui. Anashuka kwa kamba kwenye shimo refu kufuata mwamba ambao labda una kitu na labda hauna. Mfuko wake wa mawe ukienda karasha, kwenye mashine ya kusaga, unatoa vumbi tupu, na wa jirani, kutoka shimo linalopakana na lake, unatoa gramu za kununua bodaboda. Mtaalamu wa miamba angemweleza kwamba mshipa wa dhahabu hukatika na kuibuka pengine, wala haukupimiwa mipaka ya maduara. Ila mtaalamu wa miamba haji kwenye leseni ndogo. Anayekuja ni mtu mwenye kanzu na begi.

Si kila mwenye kanzu. Huku kuna masheikh wa haki wanaosoma bila kudai senti. Kuna wafumu wa Kisukuma wenye mizizi ninayoiheshimu. Na kuna wahubiri wanaouza chupa za maji ya upako kwa mtindo uleule ninaoulalamikia. Lakini mimi ni Mwislamu, nazungumza kwanza na watu wa nyumbani kwangu.

Huyu ninayemsema utamjua ukikaa naye dakika chache. Mbele yake pana msahafu, chetezo cha ubani, chupa za maji, mafuta ya zeituni, habbat soda. Chini ya msahafu pana kitabu kingine, Shamsul-Maarif au kitabu cha falaki. Atakuuliza jina lako, kisha atakuuliza jina la mama yako. Hapo ondoka. Jina la mama ni la kupigia hesabu ya nyota, herufi zigeuzwe tarakimu, tarakimu zitoe jibu. Alhamdu haihitaji jina la mama yako ili Mwenyezi Mungu ajue unaumwa. Akishapiga hesabu anakwambia nyota yako imefunikwa, na nyota haiwezi kufunikwa bila mfunikaji. Kutoka hapo mlango wa jina umeshafunguka.

Kijana mmoja aliletwa zahanati na mkewe. Kazi yake ni kuchoma dhahabu. Wenzake wakishasaga mawe na kuosha kwenye mwalo, yeye anachukua udongo mzito uliobaki, anautia kwenye beseni, anamwagia zebaki na kuukanda kwa mikono mitupu kama mtu anayekanda unga wa chapati. Anaukamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge anakiweka juu ya moto, zebaki inapaa kuwa moshi, dhahabu inabaki. Kazi hiyo anaifanya chumbani, madirisha yamefungwa, kwa sababu nje kuna macho ya watu. Mtoto wao alikuwa akilala chumba hichohicho.

Alikuwa hawezi kushika kikombe cha maji bila kukimwaga. Halali usiku. Anamfokea mtoto, kisha anakaa na kulia. Mkewe alisema alikuwa mtu wa kupenda watu, sasa akisikia hodi anajificha. Mwenyewe akaniambia mdomo wake una ladha ya chuma tangu asubuhi mpaka jioni. Kila kimoja kati ya hivyo kimeandikwa kwenye vitabu vya tiba kama dalili ya sumu ya mvuke wa zebaki: mtetemeko, kukosa usingizi, hasira, woga, ladha ya chuma mdomoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, uliwapima wachimbaji wa Rwamgasa, ukakuta baadhi ya wachomaji dhahabu wana sumu hiyo mwilini. Tanzania iliusaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Kwa hiyo siyo ugonjwa wa siri.

Nilipoanza kueleza, mkewe akatoa chupa kwenye mkoba.

"Sista, shekhe ameshatuambia. Ni jini la kutumwa."

Nikamuuliza limetumwa na nani. Akamtazama mumewe, akashusha sauti.

"Mwanamke wa ukoo wa baba yake. Mtu mzima, mfupi, macho yake siyo mazuri."

Angalieni kazi iliyofanywa na maneno hayo. Shekhe hakutaja jina, na kesho akiulizwa ataapa hakumtaja mtu. Lakini kijana yule ana shangazi mmoja tu aliyebaki kwenye mji wa wazazi wake huko Shinyanga vijijini. Ni mjane, ni mfupi, na macho yake mekundu kwa sababu tangu aolewe amepika kwa samadi na mabua ya pamba kwenye jiko lisilo na dirisha. Ukiwaelezea hivyo wanawake wazee wa Usukumani, umewaelezea karibu wote. Kila atakayesikia atampata wake.

Nilimwandikia kijana rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Aliacha kuchoma, na kadiri miezi ilivyokwenda mikono ilianza kutulia. Shangazi naye aliondoka kwake usiku baada ya mjukuu kumpigia simu kwamba vijana wa ukoo wamekaa kikao. Sasa anaishi kwa binti yake, mkoa mwingine. Shamba lake la mpunga linalimwa na walewale waliokaa kikao. Kijana amepona vya kutosha kurudi kazini, ila kumwendea shangazi yake hajaenda, na nilipomuuliza aliniambia kwamba hata kama ni zebaki, nani aliyemfanya yeye aipate zebaki wakati wenzake wanaichoma na wako salama?

Swali hilo nalijua. Nimelisikia kwa mama wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa uliotapakaa sana huku Kanda ya Ziwa: mbona huyu tu kati ya watoto wangu? Nimelisikia kwa ndugu wa mwenye kifafa. Hospitali tunajibu ugonjwa umetoka wapi, lakini mgonjwa anauliza kwa nini umemchagua yeye, na hapo sisi tunanyamaza au tunamharakisha atoke kwa sababu foleni ni ndefu. Msomaji wa maji hanyamazi. Angeweza kumjibu kwa imani, kwamba ni mtihani, kwamba subira ina malipo, kwamba Ayyub naye aliugua. Baba alijibu hivyo. Huyu wa leo anajibu kwa kumwonyesha jirani.

Mikoa yetu inajulikana nchi nzima kwa matokeo ya majibu hayo. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kwa miaka mingi juu ya vikongwe wanaouawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi, na hadi leo panga halijawekwa chini. Kisha yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoanza kutikisa nchi kati ya 2006 na 2007, yakichochewa na waganga walioahidi utajiri kwa wachimbaji na wavuvi. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, ikawa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake, na mama akakatwa mapanga akimtetea. Shule ya Buhangija pale Shinyanga ilijaa watoto waliokimbizwa majumbani mwao ili wabaki hai. Sisemi masheikh wa maji ndio waliofanya hayo. Nasema tunaishi mahali ambapo maneno ya mtaalamu wa mambo ya ghaibu yameshaonekana yanakofika, na kwa hiyo hakuna mtu huku anayeweza kutoa wasifu wa "adui" kisha akajitetea kwamba hakujua.

Serikali imejaribu kwa marufuku. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi nchi nzima, hatua iliyowakumba hata wauza mitishamba wasio na hatia, na haikudumu. Januari 2015 ikaja marufuku ya wapiga ramli chonganishi. Tuna Sheria ya Uchawi ya tangu 1928, enzi za Mwingereza, inayokataza kumsingizia mtu uchawi, na tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza la kuwasajili waganga. Msomaji wa maji anapita katikati ya hizo zote. Hajioni kuwa mganga, kwa hiyo hajisajili. Anaitwa shekhe au ustadhi, kwa hiyo mtendaji wa kijiji anaona haya kumhoji na polisi wanaogopa kuambiwa wanaingilia dini. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mkuu wa wilaya. Linazibwa na msikiti.

Na msikiti una hoja nzito kuliko sheria yoyote. Katika Sahihi ya Bukhari kuna kisa kilichopokewa na Bibi Aisha, cha Labid bin al-A'sam aliyemfanyia Mtume (s.a.w.) sihiri kwa kitana na nywele, vikafichwa kisimani. Mtume aliumwa. Kisha akajulishwa kwa njia ya malaika nani kafanya, kafanya kwa kitu gani, na kakificha wapi. Alipopona, Bibi Aisha alimuuliza mbona hakulitangaza jambo lile. Maana ya jibu lake ni kwamba Mwenyezi Mungu ameshamponya, naye anachukia kuwachochea watu katika shari. Akaamuru kisima kifukiwe, basi. Hakuna kikao cha ukoo kilichoitwa. Hakuna nyumba iliyochomwa.

Yeye alikuwa na jina la kweli, lililoletwa kwa wahyi, na akalizuia. Shekhe wa kambi za dhahabu analipata wapi jina analolitaja? Kama analipata kwa majini, kwa nyota au kwa kupiga hesabu ya jina la mama, basi anajua mwenyewe lile onyo lililopokewa na Muslim juu ya kutokubaliwa kwa swala za siku arobaini za mtu anayemwendea mtabiri kumuuliza. Waumini wanaokaa mkekani kwake hawajui. Wanadhani wako kwenye Qur'ani, kwa sababu msahafu uko juu.

Kuhusu malipo nitapita haraka, kwa kuwa wengi wanakosea wanapodhani tatizo ni pesa. Masahaba waliomsomea Alhamdu kiongozi wa kabila aliyeumwa na nge walipewa kundi la kondoo, na Mtume hakuwakataza. Shekhe ana watoto, ale. Kinachonichukiza ni ahadi ya sehemu ya mawe duara likijibu, yaani likitoa dhahabu, kwa sababu duara lisipojibu lazima apatikane aliyelizuia. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa Samunge, Loliondo, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na magari yalitoka mpaka huku kwetu kumfuata. Wapo wagonjwa walioacha dawa zao wakaumia, na hilo ni kosa kubwa ambalo hatujalizungumza vya kutosha. Lakini kwenye ile foleni yote ya Samunge sijasikia bibi kizee aliyerudishiwa tuhuma kijijini kwake.

Nina neno pia kwa wenye maduara, maana wao ndio wanaowaleta hawa watu na kuwalipa. Oktoba 2015 ardhi ilititia Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji wakafukiwa. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, na mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Nchi nzima ilishukuru Mungu, nami nilishukuru. Ila shimo likititia maneno yanayozunguka kambini ni yaleyale: kuna mtu ametoa kafara, kuna mtu ametupiwa. Akiletwa msomaji, akasoma maji na kuyanyunyiza mlangoni mwa duara, kisha akasema kuna mkono wa mtu, hakuna tena anayeuliza kama matimba ya kushikilia kuta yalinunuliwa, kama mvua ilipoanza watu waliambiwa watoke, kama duara la jirani lilichimbwa likakaribia mno. Jina la ajuza wa kijijini linampa mwenye duara nafuu kubwa. Ndiyo maana hata wasioamini wanalipia.

Nimeambiwa, na si mara moja, kwamba watu wenyewe ndio wanaotaka jina, na shekhe asiyetaja atakimbiwa. Ni kweli. Baba alikimbiwa. Kulikuwa na mwaka ambao barabara ya Majengo ilijaa watu wanaokwenda kwa msomaji mwingine, mtaa wa pili, aliyekuwa akitaja mpaka rangi ya khanga ya mchawi. Mwenye duara mmoja alimjia baba na noti zimefungwa kwa mpira, akamwambia, "Mwalimu, wewe unajua, ila unanificha." Baba akamjibu, "Nikikutajia mtu, wewe utapona nini?" Yule bwana akaondoka na noti zake. Tulikula dagaa msimu ule wote, na mama hakuwahi kumlaumu.

Kwa hiyo sitegemei kila msomaji atakuwa na moyo huo peke yake. Ndiyo maana nataka liwe sharti la wote, lisiwe uchamungu wa mmoja. Masheikh wa BAKWATA wa mikoa ya Shinyanga na Geita, na viongozi wa Answari Sunna ambao kwenye hili wanakubaliana nao, wakae wakubaliane, kisha litangazwe kwenye khutba za Ijumaa Katoro, Kakola, Nyarugusu, Masumbwe, kote: anayesomea watu asome penye watu au mbele ya ndugu wa mgonjwa, asiulize jina la mama, asitaje mtu wala asimwelezee, na amwambie mgonjwa aendelee na dawa za hospitali. Anayekiuka asiitwe shekhe tena kwenye msikiti wowote, na kamati ya msikiti impeleke kwa mtendaji kama anavyopelekwa mtu yeyote aliyemsingizia mwenzake uchawi. Jumuiya za wanawake msikitini zipewe nafasi ya kulisimamia hili, kwa sababu wanaobebeshwa hayo majina ni wanawake.

Na sisi wauguzi tuache kutikisa kichwa. Tukimdharau mgonjwa kwa chupa yake ataificha, na akiificha hatutajua alichoambiwa. Mimi siku hizi nikiandika historia ya ugonjwa nauliza waziwazi: umesomewa? Wengi wanashtuka, kisha wanafurahi kwamba nesi ameuliza. Nawaambia vizuri, maji yako endelea nayo, na vidonge hivi navyo kunywa kwa saa. Halafu nauliza swali la pili, umeambiwa nini? Wengi wanasema wameambiwa wasali, wasubiri, wapunguze mawazo. Akitokea mmoja anayejibu kwamba "ametuonyesha mtu", naweka kalamu chini. Namuuliza huyo mtu ni nani kwao, anaishi na nani, na kama ana ndugu mwingine anayeweza kumpokea wiki hii. Kisha natafuta namba ya mtendaji wa kijiji hicho kabla mgonjwa hajafika stendi.